Maumivu ya shingo na mgongo kwa marubani wa jeshi: yanatoka wapi, na kwa nini wenyewe wananyamaza

Wadau, picha tuliyonayo wengi ya rubani wa ndege ya kivita ni ile ya kwenye sinema. Jamaa kashuka ngazi, miwani myeusi, helmeti kwapani, anatembea kama uwanja mzima ni wa baba yake. Sinema haituonyeshi jioni ya siku hiyo hiyo, jamaa akigeuza mwili mzima ili aangalie pembeni kwa sababu shingo imegoma.

Na wala hatuzungumzii watu wawili watatu wenye bahati mbaya. Zaidi ya miaka 30 sasa watafiti wa majeshi ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini wamekuwa wakiwauliza marubani wao, na jibu ni lile lile. Kwenye ndege za kasi, nusu au zaidi wanasema wameumwa shingo kwa sababu ya kuruka. Kwenye helikopta, wanaolalamika mgongo wa chini ni kuanzia nusu mpaka zaidi ya robo tatu, inategemea kauliza nani na kauliza vipi. NATO waliona suala la shingo ni zito kiasi cha kuwakalisha pamoja wataalamu wa nchi kadhaa, na ripoti yao ilitoka 2020.

Kabla mtu hajasema "hayo ya wazungu", ndege zenyewe ziko hapa kwetu. Uganda ilinunua Su-30 za Urusi, zikafika 2011 na 2012. Kenya imekuwa na F-5 tangu 1978, na kuanzia 2016 ikapokea helikopta za Huey II kutoka Marekani. JWTZ nao wamekuwa na J-7 za Mchina. Mwili wa binadamu ni ule ule popote ulipofungwa mkanda. Tofauti ni kwamba takwimu nyingi zinazopatikana hadharani ni za kwao, kwa hiyo mifano mingi hapa chini itakuwa ya huko.

KICHWA CHAKO KINA KILO NGAPI?

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 mpaka 5 hivi. Hatuusikii kwa sababu kimekaa juu ya pingili 7 za shingo na misuli ya nyuma inakishikilia kutwa nzima bila kutuambia. Mvishe rubani helmeti yenye kioo cha kuonyesha shabaha, ongeza kilo 2. Tufanye jumla kilo 7.

Sasa ndege ikate kona kali. Hapo ndipo inapokuja ile herufi G mnayoisikia. 1 G ni uzito wako wa kawaida hapo ulipokaa. Ndege kama F-16 ina uwezo wa kufika 9 G, maana yake kila kitu mwilini kinakuwa kizito mara 9. Kilo 7 mara 9 ni kilo 63. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Yaani jamaa amebebeshwa mfuko wa saruji kichwani na mabaki juu yake, halafu katika hali hiyo hiyo anatakiwa ageuze shingo atazame nyuma, kwa sababu adui anayekuja kumpiga hatokei mbele.

Hapo ndipo penye balaa. Shingo iliyonyooka inavumilia sana. Shingo iliyogeuzwa na kuinamishwa kidogo, ikabebeshwa mzigo ghafla, haivumilii. Katikati ya pingili na pingili kuna diski, kitu kama mto mdogo wenye uteute ndani. Ukiminya mto huo upande mmoja huku unausokota, siku moja uteute unasukumwa nje na kugusa mshipa wa fahamu unaokwenda mkononi. Mtu anasikia ganzi kwenye vidole wakati ugonjwa uko shingoni. Mara nyingi haifiki huko, ni misuli tu imechanika kidogo na inatulia baada ya siku kadhaa. Lakini mtu anarudia zoezi hilo wiki baada ya wiki kwa miaka 15.

Wengi wanafikiri lile vazi maalumu la marubani linawalinda na G. Linalinda, ila siyo shingo. Linajaa hewa na kubana miguu na tumbo ili damu isikimbilie chini mtu akazimia. Shingo imeachwa ijitegemee. Na kuna kichekesho kingine: kiti cha F-16 kimelazwa nyuma kwa nyuzi 30, hiyo inamsaidia rubani kuvumilia G, lakini ukishalala nyuma namna hiyo inabidi ukunje shingo mbele ili uone mbele. Ukitaka kujaribu, lala kwenye kochi uangalie TV saa moja halafu uamke.

Anayeumia vibaya zaidi wakati mwingine siyo hata anayeendesha. Kwenye ndege za watu wawili, yule wa nyuma anakuwa ameinamia skrini yake, anasoma. Rubani wa mbele anavuta usukani bila kusema. Misuli ya shingo ya wa mbele imeshajiandaa kwa sababu yeye ndiye aliyeamua. Ya wa nyuma haikuwa na habari. Wenye abiria wanaolala kwenye daladala, dereva anapokanyaga breki, mnanielewa.

MIWANI YA USIKU

Sasa twende kwenye helikopta, ambako hakuna 9 G wala kona za kutisha, na bado shingo zinauma. Sababu kubwa ni miwani ya kuonea usiku. Hii inafungwa mbele ya helmeti na ina uzito wa kama nusu kilo na ushee. Utasema nusu kilo ni nini? Ni robo mbili za sukari.

Shida ni mahali ilipo. Beba ndoo ya maji karibu na mwili, halafu ibebe hiyo hiyo umenyoosha mkono. Ndoo haijaongezeka, ila bega linalia. Uzito wa kichwa chenyewe unaangukia sentimita chache tu mbele ya kiungo cha shingo. Miwani iko mbali zaidi, mbele ya macho, kwa hiyo nusu kilo ile inaivuta shingo mbele kwa nguvu inayolingana na ya kichwa kizima au kuizidi. Misuli ya nyuma inabana ili kichwa kisidondoke, na inabana saa tatu, nne, mfululizo.

Hapa kuna mdau ataniuliza: mbona mama zetu wanabeba ndoo ya lita 20 kichwani? Swali zuri. Ndoo ile imekaa katikati kabisa, uzito unateremka wima kwenye uti wa mgongo, na mama anatembea amenyooka hageuki geuki. Na siyo kwamba haumii, wengi wanaumwa shingo pia, ila hakuna anayewafanyia utafiti kwa bajeti ya jeshi.

Dawa iliyobuniwa kwa miwani ni kufunga kitu kizito nyuma ya helmeti ili kisawazishe. Inasaidia, mbele na nyuma vinalingana. Lakini fikiria vizuri: umetatua tatizo la uzito kwa kuongeza uzito. Helikopta ikitua kwa kishindo au ikianguka, vyote hivyo vinapigwa juu ya shingo ile ile.

Canada ndio wamelichimba hili sana, kwenye helikopta zao za Griffon. Uchunguzi wao wa 2004 ulikuta watu wanane kati ya kumi wanaumwa shingo kwa sababu ya kuruka. Na mafundi wa ndani ya ndege, wale wanaochungulia mlangoni kumwambia rubani kama mkia utagonga mti, hawakuwa nafuu kuliko marubani. Ingia akilini: mtu amepiga magoti, kainama nje kwenye upepo, miwani usoni, kichwa kimepinda. Huyu hatajwi kwenye sinema yoyote.

MGONGO WA HELIKOPTA

Helikopta inaendeshwa kwa viungo vyote vinne. Mkono wa kulia uko kwenye usukani katikati ya mapaja. Wa kushoto umeshuka chini pembeni ya kiti kwenye mtaimbo wa kupandisha na kushusha. Miguu yote iko kwenye pedeli. Hakuna cha kupumzisha. Ili mkono wa kulia utulie, rubani anauegemeza kwenye paja, na ili ufike pajani inabidi ainame mbele na kupinda kidogo kushoto. Mgongo wa chini unatoka kwenye umbo lake. Fanya hivyo kwenye kiti cha plastiki dakika 20 tu, utajua.

Juu ya hapo kuna mtetemo. Pangaboi la Huey linazunguka mara 324 kwa dakika, sawa na mara 5.4 kwa sekunde. Lina panga mbili, kwa hiyo pigo kubwa linakuja kama mara 11 kwa sekunde, na panga zisiposawazishwa vizuri linaongezeka pigo la mara 5.4. Sasa, mwili wa mtu aliyekaa una namba yake pia: ukiutikisa juu chini kati ya mara 4 na 6 kwa sekunde, unaitikia zaidi, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Ndio maana kwa miaka mingi watu walisema kesi imekwisha, mhalifu ni mtetemo.

Miaka ya 1980 watafiti wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani huko Fort Rucker, Alabama, wakaamua kupima. Wakachukua marubani wachache waliokuwa tayari wanaumwa, wakawakalisha kwenye kiti cha Huey kilichowekwa juu ya mashine ya kutikisa, kwa muda kama wa safari ya saa mbili. Siku moja mashine inatikisa, siku nyingine imezimwa, mtu amekaa tu kwenye mkao wa kuendesha. Maumivu yakaja mara zote mbili, kwa kiasi kile kile. Mtetemo haukuongeza kitu cha maana. Mkao ulitosha kuwaumiza.

Hii haimaanishi mtetemo hauna kosa, kwa miaka mingi inawezekana kabisa unachangia kuchakaza diski, na mabishano hayajaisha. Ila matokeo yale yalihamisha kidole kutoka kwenye injini kwenda kwenye kiti na mpangilio wa mitaimbo. Na kiti, kwa maoni yangu, ndicho kitu kilichopuuzwa kuliko vyote. Kinachaguliwa ili kimlinde mtu ndege ikianguka, jambo jema, lakini zile saa elfu mbili ambazo ndege haikuanguka nani anazihesabu? Waziba risasi nao wakaja na fulana zao za chuma na mifuko ya vifaa kifuani, kiti kikabaki na umbo la mtu aliyevaa shati.

KITI KINACHORUSHA

Wa ndege za kasi wana mtihani mwingine, japo wengi hawaufanyi kamwe. Ndege ikishindikana, rubani anavuta mpini na kiti kizima kinalipuliwa nje pamoja naye. Bernard Lynch alirushwa hivyo kwa mara ya kwanza kwenye majaribio ya kampuni ya Martin-Baker mwaka 1946, na tangu hapo viti vya kampuni hiyo peke yake vimeokoa watu zaidi ya 7,000. Bei yake mara nyingine ni pingili. Mwili unasukumwa juu kwa zaidi ya 12 G ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na ripoti nyingi zinataja asilimia 20 mpaka 30 ya waliorushwa kuvunjika pingili kwa kugandamizwa, hasa pale mgongo wa kati unapokutana na wa chini. Aliyekaa wima, mgongo na kichwa vimeegemea, ana nafuu kubwa. Aliyeinama ana hatari.

Kesi ya F-35 inafaa kuifahamu. Helmeti yake ni kompyuta, inatajwa kugharimu karibu dola 400,000, na wakati ule ilikuwa na kilo 2.3 hivi. Mwaka 2015 ikabainika kwamba rubani mwepesi akirushwa, shingo yake inaweza isihimili. Wenye uzito chini ya kilo 62 hivi wakazuiwa kuruka ndege hiyo. Marufuku ikaondolewa 2017 baada ya helmeti kupunguzwa uzito, kiti kuwekewa swichi ya kuchelewesha parachuti kwa watu wepesi, na kitambaa cha kuzuia kichwa kisitupwe nyuma. Angalieni mpangilio wa mambo: kila kitu kipya cha kivita kinatafutiwa nafasi kichwani kwa mtu, halafu baadaye ndipo inaulizwa shingo ina nguvu kiasi gani. Helmeti ilianza kama kofia ya kuzuia usipasuke kichwa. Leo ni redio, miwani, skrini na kamera.

KWA NINI WANANYAMAZA

Hapa ndipo penye kiini. Daktari wa jeshi la anga ana madaraka ambayo daktari wa kawaida hana: akiandika mstari mmoja, wewe huruki. Kwa rubani, kutoruka ni kukatwa posho ya kuruka, ni kukaa ofisini unahesabu karatasi huku wenzako wanapanda cheo, na kama maumivu hayaishi ni mwisho wa kazi aliyoisotea tangu ana miaka 18. Kwa hiyo unapomuuliza "vipi mgongo?" unategemea ajibu nini?

Uchunguzi wa nchi tofauti umekuta kitu kile kile: wanaoumwa ni wengi sana kuliko wanaoripoti. Karatasi isiyo na jina inajaa malalamiko, faili la hospitali halina kitu. Wengine wanaenda kwa tabibu wa mtaani na kulipa kwa mfuko wao. Wengine wanameza vidonge vya maumivu kimya kimya, na kuna dawa za kulegeza misuli zinazoleta usingizi, ambazo haziruhusiwi kabisa kwa mtu anayeshika usukani wa ndege.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza mtu anakuja hospitali akiwa ameshachelewa, diski imeshatoka, wakati miaka mitano nyuma mazoezi ya wiki chache yangetosha. Pili, wakubwa wanaopanga bajeti wanaangalia faili, faili linasema hakuna tatizo, kiti kinabaki kile kile. Na tusisahau usalama. Rubani asiyeweza kugeuza shingo kuangalia nyuma ni nusu rubani, na maumivu makali yanakula umakini wa mtu anayetua gizani na askari 10 nyuma yake.

NINI KINASAIDIA

Mazoezi, tena siyo ya kunyanyua vyuma ili shingo iwe kama ya bondia. Sweden walichukua marubani wa helikopta, kundi moja likapewa mazoezi ya shingo na mabega chini ya mtaalamu, yakianza na ile misuli midogo ya ndani kwa nguvu ndogo. Mwaka mmoja baadaye kundi lile lilikuwa na maumivu machache kuliko wenzao. Majibu yalichapishwa 2009. Denmark wakafanya kwa marubani wa F-16, wiki 24, maumivu yakapungua. Wafini walikuja na yangu ninayoipenda: 2006 walichapisha matokeo ya marubani waliorukishwa kwenye trampolini, ile turubai ya kuruka ya watoto, wakilinganishwa na waliofanya mazoezi ya nguvu. Njia zote mbili zilipunguza mkazo wa misuli ya shingo angani. Kuruka ruka kunaifundisha shingo kujishikilia yenyewe bila kufikiri.

Ila mazoezi yanafanya kazi yakisimamiwa. Ukimpa mtu karatasi yenye michoro akafanye nyumbani, unajua mwenyewe. Marekani wameanza kuweka wataalamu wa fiziotherapia na makocha ndani ya vikosi vyenyewe, ili rubani amwone mtu wa shingo bila kupita kwenye mlango wa anayeweza kumzuia kuruka. Kwangu huo ndio ujanja mkubwa kuliko vifaa vyote.

Mengine ni madogo lakini yanasaidia. Kupasha shingo moto kabla ya kuruka. Kuweka kichwa kinapotakiwa kuwa kabla ya kuvuta G, siyo kukigeuza katikati ya kona. Rubani kumtahadharisha wa nyuma. Mto wa kiunoni kwenye kiti cha helikopta, uliopimwa kwa huyo mtu. Kuvua miwani ya usiku wakati haihitajiki, na kupokezana usukani kwenye safari ndefu.

Kuna dalili ambazo siyo za kuvumilia hata siku moja, na hizi ni kwa mtu yeyote, awe rubani, dereva wa lori au wewe uliyeinamia skrini tangu asubuhi: ganzi au udhaifu unaoshuka mkononi au mguuni, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au maumivu makali baada ya kuanguka au ajali. Hapo ni hospitali moja kwa moja, siyo duka la dawa.

Haya wadau, uwanja wa maoni ni wenu hapo chini. Kama una baba, kaka au dada aliyewahi kuruka jeshini, hasa wale mafundi na wapakiaji ambao hakuna anayewauliza, tusimulie mgongo wake ukoje leo. Usiandike jina, cheo wala kambi.